Nakili Kabla ya Kufuta

Kila asubuhi Selpha hufungua kibanda chake cha kushona nguo huko Langas, Eldoret. Siku hiyo alichelewa. Alikuwa kwa jirani yake Ephantus, mpiga picha, wakiitazama kompyuta iliyogoma.

Ephantus alikuwa amerudi juzi, mwaka mmoja baada ya ghasia za uchaguzi za Januari 2008. Ephantus alipokimbilia kambi ya waliofurushwa makwao, Selpha aliificha kompyuta hiyo ndani ya gunia la mahindi. Studio ya Ephantus ilichomwa. Januari hiyo hiyo barabara zilifungwa, na Marion, binti wa Selpha, akafa kwa homa ya mapafu kabla ya kufikishwa hospitalini. Picha yake pekee ilikuwa ndani ya kompyuta.

Sasa kioo kilikuwa cheusi. Alama ndogo tu ilikuwa ikiwaka na kuzimika.

"Fundi wa mjini anasema tuifanyie format," Ephantus alisema.

"Na Marion?"

Ephantus akatazama chini. "Format inafuta kila kitu, Mama Marion."

"Basi ikae hivyo hivyo."

Mwalimu Chepkoech, anayefundisha kompyuta, alikuwa amemfuata Selpha kuchukua sketi yake. Akachungulia.

"Hii haijakufa. Inangoja muiambie kitu."

"Kwa mdomo?" Ephantus aliuliza.

"Ukiiongelesha, majirani watasema umerudi na wazimu. Kwa vidole!"

Akaketi. "Kilichoharibika ni sehemu inayoonyesha madirisha na vitufe vya kubofya kwenye kioo. Hii iliyobaki inaitwa sheli, yaani ganda. Ndani yake kuna kiini kinachoendesha mashine. Unaandika amri, ganda linaipeleka kwa kiini. Mwanzoni mwa miaka ya sabini, wataalamu wa Marekani waliounda mfumo wa Unix walifanya kazi hivi, bila kipanya. Ganda lenu linaitwa bash. Lilitolewa mwaka wa 1989, na yeyote hulitumia bure."

Akaandika: ls | grep selpha

"Amri ya kwanza inataja majina yote. Huu mstari uliosimama ni kama paipu: unayapitisha hadi amri ya pili, nayo inachuja yenye neno selpha."

"Kama kichungi cha chai," Selpha alisema.

"Kabisa."

Jina moja likatokea: selpha-marion.jpg. Selpha akashika ukingo wa meza.

Chepkoech akachomeka flashi, akaifungua kwa amri, kisha akaandika cp ili kuinakili picha. Kioo hakikujibu.

"Mbona imenyamaza?" Selpha aliuliza kwa hofu.

"Ganda likinyamaza, kazi imefanyika. Likishindwa, hulalamika. Ila amri ya rm muiogope. Inafuta bila kuuliza, na hakuna kurudisha."

Walinakili picha zote, ndipo fundi akaitwa. Waliochomewa nyumba walianza kuja kwa Ephantus kutafuta picha za harusi na za wazazi. Kabla ya kurekebisha chochote kwenye kompyuta, sasa yeye hunakili picha kwanza.

Lakini kabla ya hayo yote, flashi ilifunguliwa shuleni kwa Chepkoech, kwenye kompyuta iliyoweza kuonyesha picha. Marion alikuwa amesimama wima, katika gauni la manjano ambalo mama yake alikuwa amelishona. Pindo lilikuwa limepinda kidogo.

"Nilisema nitalinyoosha," Selpha alisema.

Kisha akaomba picha ichapishwe.