Viini Thelathini Kila Jumanne

"Usiniletee tena viini, Wietske."

Gerlof alisema hivyo akifuta kaunta ya duka lake la mikate, hata usoni hamtazami. Wietske akabaki amekumbatia jagi la viini thelathini vya mayai kama mtoto aliyekataliwa na baba yake.

Mtaa mzima pale Zutphen, Uholanzi, ulilijua jagi hilo. Wietske hutengeneza picha kwa njia ya mafundi wa kale wa kamera: ute wa mayai hupigwa mpaka povu, hutulizwa, karatasi hupakwa, kisha dawa ya fedha, kisha jua, likiamua kutoka. Kwa picha kumi na mbili alikuwa akisimulia kisa cha msichana anayempenda mtu asiyejua kama anapendwa. Ute ulikuwa wake. Viini, kila Jumanne, vya Gerlof, kwa keki.

"Umepata mwingine wa kukuletea?"

"Sina mtu. Vimetosha tu."

Wietske akavuka barabara kurudi kwake, akampigia dada yake na kumwaga machozi yote. Jitske, ambaye hakuumbiwa kubembeleza, akauliza picha ya kumi na mbili ilikamilika lini.

"Februari."

"Leo Juni. Mayai unayavunjia nini?"

Wietske akatazama friji iliyojaa mabakuli ya ute.

"Nipate viini," akasema kwa sauti ndogo.

"Mwanamume anauza mikate mbele ya mlango wako. Si ungenunua mkate?"

"Mkate ni dakika moja, dada. Jagi lazima alimimine, alioshe, anirudishie."

Jitske alikuwa bado anacheka kwenye simu, mara ujumbe wa Gerlof ukaingia:

"Nisamehe. Tangu Pasaka nimeacha keki, hazinunuliwi. Viini nawapa mbwa wa jirani. Jana daktari wa wanyama kasema wakiongezwa kimoja tu hawatapanda ngazi kwa unene. Niliogopa kukwambia. Bila jagi, ungekuja kufanya nini?"

Wietske akausoma mara tatu, akavuka tena barabara na aproni yake, akaipita foleni.

"Gerlof, sina picha ninayotengeneza. Nakudanganya tangu Februari."

Gerlof akaweka kisu chini. Mama mmoja mwenye kikapu akauliza kama mkate wake wa shayiri utasubiri sana.

"Kumbe tumedanganyana," Gerlof akasema taratibu.

"Mimi miezi minne, wewe miwili. Kwa hiyo nimekupenda zaidi."

"Hapana. Mimi nakupenda tangu jagi la kwanza. Ila siku zile nilikuwa na keki za kusingizia."

Wietske akamvuta shati kwa vidole vilivyogeuka vyeusi kwa dawa ya fedha, akambusu mbele ya foleni nzima. Yule mama akangoja kidogo, akaona hawa hawamalizi leo, akazunguka kaunta, akachukua kisu na kujikatia mkate wake.