Paa wa Bi Nasim

Bi Nasim alikohoa jani la nyasi. Bichi kabisa, likaanguka kwenye kitambaa cheupe, na mwenyewe tangu baridi ianze hajatia mguu nje ya nyumba yake ya Harrow, huko ughaibuni.

"We Kijakazi, mchicha wako wa jana huo?" aliuliza, sauti imemkwaruza.

"Labda, Bi Nasim," alijibu mtumishi wake, macho chini. Mchicha! Alijua fika.

Ukutani palikuwa na picha ya paa wa wino, kazi ya Isfahan, enzi za wafalme wa Uajemi, manyoya yake unaweza kuyahesabu. Mapinduzi yalipomtoa Unguja, Bi Nasim aliacha nyumba na dhahabu. Picha ya paa aliishonea ndani ya bitana ya koti. Ndicho kitu pekee cha babu zake kilichobaki. Lakini Kijakazi, mcha Mungu wa kujitangaza, alidai hawezi kusali penye picha ya kiumbe mwenye roho. Bibi alipolazwa hospitali, akachukua kalamu, akapiga mstari shingoni mwa paa. Akishachinjwa si picha ya mwenye roho tena, ndivyo alivyofundishwa chuo cha Kurani. Bibi akarudi, macho yake mabovu hayakuuona mstari, na Kijakazi akafunga mdomo.

Tangu hapo sauti ya bibi ikawa inapungua. Chumba kikanuka zizi. Mchana kweupe kwato zikawa zinagonga sakafuni, tk, tk, zikimfuata Kijakazi jikoni, zikisimama akisimama, na akisujudu anasikia pumzi ya moto kisogoni, inanuka damu, mpaka akawa anasahau tasbihi aliyokuwa akiisoma na kukumbuka kalamu tu.

Akamwita Maalim Matar wa Ilford, msomea majini. Akaja na koti lake la ukondakta wa basi, akaitazama picha.

"Ulipomchinja ulisoma bismillahi?" alinong'ona.

"Nilipiga mstari tu, Maalim."

"Nakuuliza, ulisoma?"

Kijakazi akatikisa kichwa.

"Basi kuna jini kaingia kwenye jeraha lile, anataka koo zima. Huyu hatoki kwa kisomo. Mwenye paa akusamehe kwa kinywa chake. Na upesi, sauti ya mwenzio imebaki uzi."

Kijakazi akapiga magoti kando ya kitanda, akasema yote, machozi na makamasi. Bi Nasim akamtazama, akamtazama, kisha akamwekea mkono kichwani. Midomo ikafanya "nimekusamehe", wazi kabisa, lakini haukutoka hata mnong'ono.

Sauti ya bibi ikaja kutoka kwa paa ukutani, nzima, tamu kama ya msichana:

"Sijakusamehe."