Bwawa Liko Tupu

Kilichoanza ni mstari tu. Mstari wa kahawia ukutani, chini kabisa, usawa wa kifundo cha mguu, umezunguka chumba chote kama umepigwa kwa rula. Mama Kibonge aliuona asubuhi akifagia, akadhani ni uchafu wa ndoo. Akachukua kitambaa, akasugua, ukatoka. Akaangalia sakafu: kavu. Mkeka mkavu, viatu vikavu, na wiki nzima haikunyesha mvua hata ya kulowesha vumbi. Akakinusa kile kitambaa. Kilinuka udongo mbichi, udongo uliochimbwa muda uleule, na harufu hiyo aliijua vizuri mno kwa sababu alikuwa amemzika dada yake wiki tatu zilizopita.

Hakumwambia mtu. Angemwambia nani? Dada ndiye aliyekuwa mtu wake wa kuambiwa. Dada ndiye aliyemlea baada ya mama yao kufariki, akamsuka nywele za shule kila Jumapili mpaka akamaliza kidato cha nne, akamchezea ngoma nzima siku ya harusi mpaka kiatu kikakatika. Dada alikuwa akikaa chini ya mteremko, na juu ya mteremko kampuni ilikuja na matrekta, ikakwangua kilima chote ijenge nyumba mia moja. Sheria ndogo ya manispaa ilikuwepo, wala si kwamba haikuwepo. Ilisema anayekata kilima achimbe bwawa la kutulizia tope, aweke uzio wa turubai kuzuia udongo, apande nyasi, na kila baada ya mvua kubwa mkaguzi aende ndani ya siku moja akaangalie kwa macho yake na kujaza fomu. Alhamisi moja adhuhuri bwawa likapasuka. Tope likaingia kwa dada kupitia mlango wa jikoni. Walipomtoa, ukutani palikuwa na mstari wa kahawia, usawa wa bega la mtu mzima.

Na mkaguzi wa bwawa lile alikuwa shemeji wa huyo marehemu, yaani mume wa Mama Kibonge mwenyewe.

Baba Kibonge hakuwa mla rushwa, watu waache maneno yao. Alikuwa mtu aliyechoka. Miradi thelathini na moja, mkaguzi mmoja, pikipiki moja ya manispaa ambayo nusu ya mwezi haina mafuta. Basi alianza kuleta fomu nyumbani. "Niandikie, mke wangu. Mwandiko wako mzuri, wangu mimi kama kuku kakanyaga wino." Naye alikuwa akiandika huku mtoto yuko titini. Anachukua fomu ya wiki iliyopita, ananakili, anabadilisha tarehe. *Bwawa liko tupu? Ndiyo. Uzio umesimama? Ndiyo. Kuna hatari kwa watu wa chini? Hapana.* Kilimani kwenyewe hajawahi kukanyaga hata siku moja.

Jioni ya ule mstari, Baba Kibonge akaingia na bahasha.

"Bado tu?" Mama Kibonge akauliza. "Hata baada ya dada?"

"Nikiacha sasa hivi watauliza kwa nini nimeacha. Uchunguzi ukiisha nitakwenda mwenyewe, miradi yote. Naapa."

Akaandika nne. Asubuhi mstari ulikuwa usawa wa goti, na safari hii haukufutika.

"Fundi alitupiga," mumewe akasema, akijaribu kucheka. "Alichanganya saruji na mate." Lakini hakuugusa, na siku hiyo alivaa viatu vyake nje.

Mchana ndio ulikuwa mbaya. Mtoto akishalala na mtaa ukitulia kwa joto, maji yalianza kusikika ndani ya ukuta. Si bomba, bomba halikupita upande ule. Maji mazito, yanayoburuta vijiwe, yanashuka yanasimama, yanashuka yanasimama, kama mtu anayetafuta mlango gizani. Mama Kibonge akaandika fomu nyingine mbili Jumatatu, na tatu Jumatano, na kila alipoandika mstari ulipanda, mpaka akaanza kuelewa bila kutaka kuelewa. Na Ijumaa saa saba, jua linawaka nje na mwenzake wa nyumba ya pili anaanika nguo huku akiimba, yeye amekaa kitandani anamkunjia mtoto nepi, akasikia harufu ile ya udongo ikija karibu kama mtu anayeinama begani, na maji ukutani yakanyamaza yote kwa pamoja, na sauti ya dada yake, ileile ya kukwaruza kidogo kama ana mafua, ikasema taratibu:

"Mdogo wangu."

Alikimbia na mtoto kifuani, kichwa wazi, mguu mmoja na kandambili.

Mganga aliyeletwa alikuwa kijana mwenye helmeti ya pikipiki mkononi.

"Wewe ndiye mganga?" Baba Kibonge akauliza.

"Ulitaka mwenye mvi? Subiri, nitakuwa nazo."

Akauwekea ukuta kiganja. Utani ukamwisha. Akalamba kidole, akatema mlangoni, kisha akanong'ona kama anayeogopa kusikiwa, "Humu ndani nani anaandika?"

Mume na mke wakatazamana.

"Mimi," Mama Kibonge akasema.

"Kuna jini lilikuwa linakaa kwenye kile kilima. Wamelichimbua, halina kwao. Sasa linafuata maji. Mama, kila ukiandika kule hakuna maji, yale maji lazima yakae mahali. Linamletea aliyeyafuta."

"Na sauti?"

"Sauti limeiokota kwenye tope. Si dada yako huyo. Usimzoee." Akaangalia kitanda. Mstari ulikuwa vidole viwili chini ya godoro. "Mtoto analala hapa?"

"Hapo hapo."

"Basi fomu moja tu. Ukiandika moja tena hamtamkuta hai."

Mama Kibonge akamshika mkono. "Litoe basi! Litoe!"

"Silitoi mimi. Andika upya fomu ya bwawa lile lililopasuka, kwa mkono uleule, lakini uandike kweli. Kisha uipeleke kwa wenye fomu."

"Kweli gani? Mimi bwawa sikuliona!"

Mganga akavaa helmeti yake, akiutazama ukuta. "Muulize aliyeliona," akasema, na akaondoka bila hata kunywa maji.

"Ukiipeleka hiyo nafungwa," Baba Kibonge akasema walipobaki wawili. Hakusema kwa ukali. Alikuwa amemkumbatia mtoto.

"Najua."

"Na wewe pia, mwandiko ni wako."

"Najua, Baba Kibonge. Shika mtoto. Kaa naye mlangoni, usiingie."

Akakaa sakafuni, mgongo ukutani, fomu kwenye goti. Maji yalikuwa yanashuka nyuma ya uti wake wa mgongo.

"Dada," akanong'ona. "Bwawa liko tupu?"

Maji yakasimama.

"Limejaa tope mpaka mdomoni, mdogo wangu. Tangu mwezi uliopita. Mbwa walikuwa wanakatiza juu yake."

Akaandika. Kalamu ilikuwa inateleza kwa jasho.

"Uzio umesimama?"

"Ulilala. Jirani alikata kipande akaezekea banda la kuku. Kuku wake sasa wanakaa vizuri kuliko sisi."

Akacheka. Mungu amsamehe, alicheka, kwa sababu hivyo ndivyo dada alivyokuwa akisema mambo, na kwa dakika ile hakukuwa na jini wala ukuta, walikuwa wawili tu wamekaa wanachambua mchele.

"Mama Kibonge," mumewe akaita kutoka mlangoni. "Usicheke nalo."

"Nyasi zimepandwa?"

"Nyasi gani? Kilima kilikuwa kama kichwa kilichonyolewa."

"Kuna watu chini ya bwawa?"

"Mmoja."

"Mmoja tu?"

"Wengine waliondoka asubuhi ile. Waliona maji yamekuwa mazito, wakafunga vitu vyao."

Swali lililofuata halikuwa kwenye fomu. Alijua asiliulize, na akaliuliza.

"Wewe mbona hukuondoka?"

Harufu ya udongo ikajaa chumba mpaka machozi yakamtoka.

"Si wewe uliniambia nisubiri?"

Na hilo hakuwahi kumwambia mtu yeyote, si mume, si wazee waliokuja kuzika, si mganga: kwamba Alhamisi ile asubuhi dada alipiga simu akauliza, mdogo wangu, maji yamebadilika, niondoke au? Naye alikuwa ameshika mtoto mkono mmoja na kalamu mkono wa pili, anataka tu simu ikatike amalize, akasema usiondoke dada, shemeji yako anakuja leo hii kukagua, wewe mtengee chai, akasema hivyo huku akimwona Baba Kibonge kalala chumbani na shuka mpaka kichwani, akijua kabisa haendi popote, akasema kwa sauti tamu, ile ya kumbembelezea mtoto.

"Nikatenga chai," sauti ikasema.

Mlangoni Baba Kibonge akateleza chini polepole, mgongo kwenye fremu, mtoto mapajani.

Chini ya fomu kulikuwa na nafasi ya maoni ya mkaguzi. Mama Kibonge akaandika: *Aliambiwa asubiri. Alisubiri. Aliyemwambia ni mimi.* Ikabaki sahihi.

"Usitie," sauti ikasema haraka. "Mdogo wangu, usinitoe. Huku chini kuna baridi. Sina mwingine wa kuongea naye."

"Wewe si dada."

"Basi mimi ni nani? Nani mwingine anakuita hivi?"

Akamwangalia Kibonge, anatafuna kifungo cha shati la baba yake, meno mawili tu mdomoni. Akatia sahihi.

Maji yakaondoka ukutani kwa sauti moja, kama mtu anayevuta pumzi na asiitoe.

Walikwenda pamoja manispaa. Baba Kibonge akatia sahihi yake chini ya ya mkewe, ile ya kuku, bila kuambiwa. Siku ileile aliwekwa mahabusu kusubiri kesi. Mama Kibonge aliachiwa kwa sababu ananyonyesha, aende akiitwa. Mabwawa yote thelathini na moja yakakaguliwa kwa macho. Tisa yalikuwa yamejaa, na watu waliokuwa chini yake walihamishwa kabla ya masika. Watu wengi sana. Walikuja wengine kumshukuru, na hakujua aweke wapi uso wake.

Mstari ulififia mpaka ukaisha. Chumba kikanuka poda ya mtoto na sabuni, basi. Mchana akishamlaza Kibonge alikuwa anakaa sakafuni, mgongo ukutani, anauliza kwa sauti ya chini. "Dada? Nyasi zimepandwa?" Ukuta ulikuwa ukuta.

Siku ya kwanza ya mvua alivumilia. Ya pili alivumilia. Ya tatu akafungua kabati la mumewe, na chini ya mashati kulikuwa na kitabu cha fomu ambazo hazijajazwa, hakuna aliyekuja kuzichukua. Akachomoa moja. Moja tu, alijiambia. Mstari wa kwanza huwa unafika kwenye kifundo tu, na kitanda cha mtoto kiko juu zaidi ya hapo, kiko juu sana, na hatazidisha, atasikia tu hata neno moja kisha ataichana.

Akamgeuza Kibonge upande wa pili wa godoro, mbali na ukuta. Akakaa. Akaandika: *Bwawa liko tupu.*

Kisha akaegemea, akangoja.