Ngokela ya Kina Aurelia

Aurelia alikuwa ametua ndoo ya maji kando ya njia wakati wanawake wa kijijini walipopita na majembe begani. Walikuwa wakienda kwenye ngokela, ile kazi ya kusaidiana, leo kwa huyu, kesho kwa yule, mpaka kila shamba la mlimani lichimbwe ngolo, yale mashimo ya kuzuia maji yasibebe udongo, na kupandwa maharage.

"Shikamooni," aliwaamkia.

Hakuna aliyeitikia. Mtu mzima kunyamazia shikamoo ya mtoto! Aurelia aliumia, lakini sababu aliijua.

Baba yake, Othmar, tangu aokoke hakutaka hata kusikia harufu ya pombe. Hilo lilikuwa lake. Tatizo ni kwamba alikwenda kwenye ngokela ya Mama Flavia, akaupiga teke mtungi wa pombe ya wachimbaji na kuwaita watu wa shetani. Aurelia naye, kwa kimbelembele chake, alimwambia Flavia mbele ya darasa zima, "Mama yako ataungua motoni."

Basi hakuna aliyekuja kuwasaidia, shamba lao likabaki nyasi tupu. Aurelia na mama yake walichimba peke yao mpaka viganja vikachubuka, wasifike hata robo. Mvua zilikuwa zinakaribia kukatika. Wasipopanda maharage, wangelala njaa.

Aurelia alipeleka maji nyumbani, akachukua jembe, akawafuata wanawake wale.

"Umekuja kutuhubiria?" Mama Flavia alimuuliza kwa ukali.

"Hapana, mama. Nimekuja kuchimba."

Wakampa sehemu yenye mawe. Akachimba bila kunung'unika. Wakati wa kupumzika, bibi mmoja alimsogezea kata ya pombe makusudi.

"Asante, bibi. Kwetu hatunywi. Naomba maji."

"Na mimi bado nitaungua?" Mama Flavia aliuliza.

Aurelia aliinamisha kichwa. "Nilikosa, mama. Nisamehe."

"Wewe nimekusikia. Baba yako yuko wapi?"

Baba yake alipopata habari aliwaka. Alimburuta Aurelia hadi kwa Mchungaji Wilfred ili akemewe.

"Ulikunywa?" mchungaji aliuliza.

"Hapana. Niliomba maji."

Mchungaji alimgeukia Othmar. "Mimi nilikukataza pombe. Majirani alikukataza nani?"

Kesho yake Othmar alikwenda kuomba radhi, na Mama Flavia alimwacha asimame uani muda mrefu kabla ya kumkaribisha kiti.

Jumamosi iliyofuata wanawake walipanda mlima hadi shamba la Othmar. Mama yake Aurelia aliwapikia togwa isiyolevya badala ya pombe. Wengine walikunja uso, lakini wakanywa, na kufikia jioni mteremko wote ulikuwa umechimbwa.

Mama Flavia alifuta jasho, akamwita Aurelia.

"Mungu wenu mwabuduni mnavyojua, na pombe msinywe. Hilo halitukeri. Lakini ukimwambia tena mwenzako mama yake ataungua, mwakani mtachimba na malaika."