Kikapu cha Sikudhani na Uyoga Mwekundu

Huyu ni Sikudhani. Ana miaka mitano na anajua kila kitu. Usibishe, muulize mwenyewe.

Anakaa Shume, juu milimani, jirani na msitu wa misonobari. Mvua ikinyesha, uyoga unachomoza.

Leo amepewa kikapu chake mwenyewe. Kidogo, lakini chake. Shangazi Mwanahawa amemwambia akifanya mchezo, atamnyang'anya kikapu.

Wakaingia msituni, wakikanyaga majani makavu membamba kama sindano. Chwa, chwa, chwa.

Shangazi akachuma uyoga wa kahawia, unateleza kama kamasi. Akaugeuza. Chini una vitundu vitundu, kama sifongo. Huo Shangazi anaujua, unalika.

"Geuza, tazama, nionyeshe," akasema Shangazi. "Ndipo utie kikapuni."

Sikudhani akageuza. Akatazama. Akamwonyesha Shangazi. Pu! Kikapuni.

Kisha akauona mwingine. Mwekundu, una madoa meupe. Mzuri kuliko kanga ya sikukuu.

Hakuugeuza. Hakumwonyesha mtu. Pu! Juu ya wenzake. Si anajua kila kitu?

Akarudi anaringa. Akasema uyoga wa Shangazi una rangi ya matope, wake ndio uyoga.

Shangazi hakucheka. Akasema ule mwekundu ni sumu, na umeshagusana na mwingine. Akamwaga kikapu chote. Chote.

Wakaufukia. Wakanawa mikono kijitoni, na kikapu wakakisugua.

Mdomo wa Sikudhani ukaanza kutetemeka. Kikapu ndiyo basi tena. Ungekuwa wewe ungelia, usijitie ushujaa.

Akakikumbatia. "Shangazi, naomba tena. Nitakuonyesha hata jiwe."

Shangazi akamtazama. Akamtazama tena. "Haya, twende."

Chwa, chwa, chwa. Akakutana na mwekundu mwingine. Sikudhani akaweka mikono mgongoni.

"Wewe baki hapo hapo na uzuri wako."

Geuza, tazama, nionyeshe. Pu! Akamwonyesha Shangazi uyoga. Akamwonyesha konokono. Akamwonyesha na jiwe, kweli. Shangazi akachoka kuonyeshwa.

Jioni wakamenya ile ngozi inayoteleza. Wakakaanga uyoga na kitunguu. Chwiii. Ugali ukaisha, sufuria ikabaki inang'aa.

Usiku kikapu kikaning'inia kwenye msumari, juu ya kitanda cha Sikudhani. Mama akamletea blanketi.

Sikudhani akaligeuza. Akalitazama. Akamwonyesha Mama.

"Hili nalijua," akasema.

Akajifunika, akalala.