Aliyegonga Ukutani

Kila siku baada ya shule, Kasuku alivua sare, akala chakula kilichofunikwa mezani, kisha akaenda nyumba ya pili kukaa na Bibi, jirani yao. Jina la Kasuku alipewa na mume wa Bibi, mzee aliyekuwa muadhini wa msikiti wa mtaani, kwa sababu mdomo wa msichana huyo haukupumzika. Nyumba hizo mbili zilitumia ukuta mmoja. Mzee alipotaka mtu wa kupiga naye soga, aliugonga kwa fimbo mara tatu, na baba yake Kasuku, seremala, akajibu kwa nyundo. Ijumaa hawa walikwenda msikitini, Jumapili wale walikwenda kanisani. Siku nyingine zote walikuwa ndugu.

Kisha mzee akafariki. Baba alizipiga randa mwenyewe mbao za kufunikia kaburi, akakataa kusaidiwa. Bibi akakaa eda, hatoki nyumbani, na binti yake, ambaye ni nesi, alikuwa kazini mchana kutwa.

"Mwanangu, usimwache Bibi peke yake," Baba alimwambia Kasuku.

Kasuku aliahidi. Lakini nyumba ile haikuwa ileile. Kanzu ya marehemu bado ilining'inia nyuma ya mlango, na upepo ukiingia, mikono yake ilijaa kana kwamba mwenyewe amerudi kuivaa. Kiti chake hakikukaliwa na mtu.

Shuleni, rafiki yake Mapengo akamnong'oneza, "Marehemu huzungukazunguka kwake mpaka eda iishe. Shangazi yangu kamwona mmoja!"

Tangu hapo Kasuku akawa anapita mlangoni kwa Bibi akikaza mwendo. Baba akiuliza, "Bibi hajambo?" alijibu, "Hajambo, anakusalimu."

Alasiri moja mawingu yalitanda, chumba kikawa na giza. Kasuku alikuwa peke yake akifanya hesabu. Mara ukuta ukagongwa.

Ngo. Ngo. Ngo.

Kalamu ilimtoka mkononi. Alijifunika khanga gubigubi, akaanza kusali Salamu Maria, akakwama katikati. Kimya. Kisha ukagongwa tena, na pigo la tatu lilikuja dhaifu sana, kama la mtu aliyeishiwa nguvu.

Hapo likamjia wazo lililomtisha kuliko mzimu: maiti hachoki.

Akatoka mbio. Mlango wa Bibi ulikuwa umerudishwa tu. Alipousukuma, kanzu ikatikisika, akasita kizingitini.

"Bibi?"

"Kasuku..." Sauti ilitoka chini.

Bibi alikuwa sakafuni kando ya kitanda, mguu umepinda vibaya, fimbo ya marehemu mkononi, midomo imemkauka. "Nimeanguka tangu adhuhuri," alisema. "Nikajiambia, nivumilie, Kasuku akitoka shule tu atanisikia."

Kasuku alimnywesha maji, akakimbilia karakana. Baba alikuja na ubao mpana, na imamu aliyewakuta njiani akashika upande wa pili. Bibi alipojitetea kwamba yumo edani, imamu alisema, "Mama, eda haizuii matibabu. Twende." Wakambeba hadi hospitali. Daktari alisema nyonga imevunjika, lakini itaunga.

Nje ya wodi, Kasuku alilia. "Baba, nilikudanganya. Nimeacha kwenda kwake. Naogopa."

Baba aliketi kando yake. "Hofu si kosa," alisema. "Mimi mwenyewe siwezi kukitazama kile kiti. Kosa ni kuniambia hajambo na wewe hujamwona. Ungesema unaogopa, tungekwenda wote wawili."

Akamshika mkono, wakaingia kwa Bibi. Kasuku aliomba radhi huku akitazama sakafu.

"Njoo karibu, mjukuu wangu," Bibi alisema. "Nimeshakusamehe. Ila nikwambie jambo ulikumbuke utakapokuwa mtu mzima. Nyumba ile inanitisha mimi pia. Nikiona kanzu ile inatikisika, moyo unaruka. Ndiyo maana nilikuwa nakungoja kila siku. Mtu akifiwa, msimwogope aliyekufa mkamsahau aliyebaki."

Kasuku akavuta kiti, akaketi.