Bata Bukini Mwenye Buti Moja

Asubuhi hiyo ya Jumamosi, jikoni kwa kina Tabitha palikuwa na kelele za kuamsha mtaa mzima. Mama alikuwa akipaka siagi kwenye mikate ya sandwichi, redio ikitabiri mvua kama kawaida yake, na Rufus, mwenye umri wa miaka sita, akitambaa chini ya meza akitafuta soksi.

"Si umeivaa, wewe!" Tabitha akamwambia.

"Hii ni ya kushoto. Natafuta ya kulia."

"Ya kulia umeivaa juu ya hiyo ya kushoto."

Rufus akauangalia mguu wake, akacheka mpaka akagonga kichwa kwenye meza. Tabitha naye akacheka. Alikuwa na miaka kumi na mmoja, na kazi yake siku hiyo ilikuwa kupanga vyakula kwenye kapu. Kapu lile lilishushwa kutoka juu ya kabati mara moja tu kwa mwaka, siku ya kwenda Wenbridge kutembea na Bibi, aliyezaliwa katika mji huo wa kale.

Tabitha alipokitoa kitambaa cha ndani ili akung'ute makombo ya mwaka jana, karatasi iliyokunjwa ikaanguka. Ilikuwa na doa la jamu na mwandiko wake mwenyewe. Aliitambua papo hapo.

Kila kiangazi, ukumbi wa mji wa Wenbridge huwapa watoto karatasi yenye maswali kumi. Majibu yako huko huko mjini: uso wa jiwe juu ya mlango wa kanisa, panya aliyechongwa kwenye boriti, kibao cha duka, na mengine. Mtoto wa kwanza kurudi akiwa amejibu yote ndiye anayepiga kengele kubwa ya saa sita mchana, inayosikika mpaka ng'ambo ya mto. Mwaka uliopita Tabitha alikuwa wa pili. Alichelewa dakika mbili tu! Alilia njia nzima ya kurudi nyumbani, akisingizia mafua.

Aliitia mfukoni karatasi ile ya majibu yake ya mwaka jana. Alijiambia kuwa anaiweka tu, hana nia mbaya.

Walifika Wenbridge saa nne. Bibi alikuwa akiwasubiri kando ya daraja na kigari chake cha kuegemea anapotembea, kofia ya manyoya kichwani ingawa ilikuwa Julai.

"Mmechelewa," alisema Bibi, akiwabusu. "Nimeshasimulia ugonjwa wa nyonga yangu kwa watu watatu nisiowajua."

"Pole yao," alijibu Mama, na wote wakaangua kicheko.

Ukumbini walipokewa na Bwana Tansley, mzee mwenye miwani aliyoipandisha kwenye paji la uso na kusahau kuwa ipo. Alimpa Tabitha karatasi, akampa na Rufus. Tabitha akapitisha macho haraka. Maswali yalikuwa yale yale, kwa mpangilio ule ule! Chini kabisa paliandikwa: "Nimeyaona yote kwa macho yangu," kisha nafasi ya kutia sahihi.

"Mama, niende mbele? Nyinyi mnatembea polepole mno."

Mama alimtazama Bibi, akakitazama na kile kigari. "Haya, nenda. Usivuke barabara ya magari. Tutakukuta ukumbini."

Tabitha alianza vizuri. Aliuona uso wa jiwe, akamwona na panya. Lakini alipofika swali la tatu, msichana mwenye nywele nyekundu zilizosukwa mikia miwili akampita mbio, karatasi mkononi, akihema. Karatasi yake ilionyesha yuko kwenye swali la tano tayari! Tabitha akaona mambo ya mwaka jana yanajirudia. Mkono ukaingia mfukoni wenyewe.

Akakaa kwenye ngazi za jiwe nyuma ya duka la mikate, akaikunjua ile karatasi ya zamani. Kwani kuna ubaya gani? Alishayaona yote. Mji umekaa hapa miaka mia nane, utabadilikaje kwa mwaka mmoja? Akanakili majibu manane kwa mwandiko wake mzuri kuliko yote. Swali la saba: ni mnyama gani yuko kwenye kibao cha duka la Nyumba ya Siagi? Akaandika: mbweha. Akatia sahihi, kisha akakimbia.

"Ala! Wewe ni umeme au mtoto?" Bwana Tansley alishangaa. Aliipapasa meza akitafuta miwani, hakuiona, akahesabu tu kwa kidole kwamba nafasi zote kumi zimejazwa. Akamvika shingoni utepe wenye beji ya shaba iliyoandikwa "Mpiga Kengele".

Dakika nne baadaye yule msichana wa mikia miwili akaingia. Aliiona beji ile, akasimama. "Umekuwa wa pili, Nerys. Pole, mwanangu," alisema Bwana Tansley kwa upole. Nerys akaenda kukaa kwenye benchi, akawa anaifungua na kuifunga zipu ya koti lake, juu, chini, juu, chini. Tabitha alizijua zipu za namna hiyo. Ndivyo mtu anavyofanya akiwa hataki kulia mbele za watu. Akageuka kutazama dirishani.

Kina Mama walifika ikiwa imebaki robo saa kutimia saa sita. Rufus alipoiona beji, alipiga yowe.

"Dada yangu ndiye atakayepiga kengele! Huyu hapa! Dada yangu mimi!" Alimwambia kila aliyekuwa ukumbini, hata mbwa wa watu.

Bibi alimkumbatia Tabitha. "Mwaka mzima umeingoja siku hii, mjukuu wangu. Mimi nimefurahi kuliko wewe."

Tabitha akajaribu kutabasamu.

"Tabi," Rufus akamvuta mkono, "tunataka utuamulie. Yule bata bukini mpya, buti lake jekundu liko mguu wa kulia au wa kushoto? Bibi anasema kushoto, mimi nasema kulia."

"Bata bukini gani?"

"Wa Nyumba ya Siagi! Kile kibao cha mbweha kiling'olewa na upepo wakati wa baridi, wamechora kipya. Si umemwona?"

"Ndiyo... nimemwona," Tabitha akadanganya.

"Basi sema! Mguu gani?"

Wote walikuwa wakimtazama: Rufus akimeremeta kwa furaha, Bibi akiwa ameegemea kigari chake. Neno moja tu lilitosha. Rufus hajui kulia wala kushoto, hata soksi zake humshinda, na macho ya Bibi si ya kutegemea. Nani angejua? Kwenye benchi zipu ikapanda, ikashuka.

"Ku..." Tabitha alianza, kisha akageuka kulitazama benchi. Akapiga moyo konde. "Sijui. Sikumwona. Nilimwona panya na uso wa jiwe tu. Mengine nimenakili kwenye karatasi ya mwaka jana."

Mama alifumba macho kidogo. "Tabitha," alisema tu, na jina lile tupu lilimuuma kuliko kukaripiwa.

Tabitha akaivua beji. Utepe ukanasa kwenye nywele, akaunasua. Hakumpa Bwana Tansley. Alitembea mwenyewe mpaka kwenye benchi.

"Hii ni yako," alimwambia Nerys. "Ilikuwa yako tangu mwanzo. Nisamehe. Mwaka jana nilikuwa wa pili mimi, najua inavyouma, na bado nikakufanyia hivi."

Nerys alimkodolea macho. Kisha akaichukua beji, akasema, "Nilikuwa nimekuchukia, ujue."

"Ulikuwa na haki," alisema Tabitha.

Saa sita kamili Nerys akaivuta kamba, miguu ikainuka kutoka sakafuni, na kengele ikanguruma juu ya mapaa yote ya Wenbridge. Tabitha alipiga makofi huku machozi yakimtiririka, na safari hii hakusingizia mafua.

Rufus alikuwa amenuna. Hakukasirikia kengele. "Kwa hiyo bata bukini hukumwona kabisa?" aliuliza. "Masikini! Ni mzuri ajabu, Tabi."

"Twende nikamwone sasa," alisema Tabitha. "Na mengine yote pia. Tutembee wote, mwendo wa Bibi."

"Mvua inakuja," alionya Mama, lakini alikuwa ameshalifunga koti lake.

Walitembea huku manyunyu yakiwanyeshea, wakila sandwichi za mayai zilizoanza kulowa. Tabitha alishika upande mmoja wa kigari. Bibi alimwonyesha dirisha alilolivunja kwa mpira akiwa na miaka tisa, na ukuta ambao babu yao alipanda juu yake siku alipomposa Bibi, akaanguka upande wa pili. Mwaka jana Tabitha alipita hapo mbio mara mbili bila kujua lolote.

Kibao cha Nyumba ya Siagi kilikuwa kikining'inia juu ya mlango, kikibembea na upepo. Bata bukini alikuwa ameinua shingo kwa maringo, buti jekundu kwenye mguu wa kulia.

"Nilisema!" Rufus akarukaruka.

"Hebu pita upande wa pili," alisema Bibi.

Tabitha akapita chini ya kibao, akageuka. Upande ule mchoraji alikuwa amemchora tena bata yule yule, ila buti lilikuwa kwenye mguu wa kushoto.

Akasimama mvuani akimtazama. "Bibi," alisema taratibu, "kumbe ningejibu lolote, kulia au kushoto, ningekuwa sahihi. Nisingekamatwa."

"Usingekamatwa," Bibi akakubali. "Ungepiga kengele, sisi tungekushangilia, na wewe peke yako ndiye ungejua. Kila mwaka tukija hapa ungetembea na siri yako katikati yetu. Mtu anasema kweli ili aweze kukaa na wale anaowapenda bila kuwaogopa, mjukuu wangu. Leo umekosa kengele. Sisi bado unao, wote watatu, na hatukuogopi wala wewe hutuogopi."

Tabitha akaegemeza kichwa begani kwa Bibi, kwenye koti lililonuka mvua na pipi za mnanaa. Halafu akatoa karatasi mpya aliyoiomba kwa Bwana Tansley, akaiweka juu ya kigari, na kwenye swali la saba akaandika alichokiona.

"Bado matatu," alisema. "Tusiharakishe."